Kabla hujafunga kiroba cha taka, mfikirie atakayekibeba

Ndugu Mhariri,

Masika yakianza tu, kurasa za barua katika magazeti yetu hujaa malalamiko ya aina moja: gari la taka halijapita, viroba vimeoza barazani, mtaro umeziba. Mengi ya malalamiko hayo ni ya haki. Ila ni nadra kukuta barua inayozungumzia kilichomo ndani ya kiroba na mtu atakayekikumbatia. Naomba nafasi niyaseme hayo, kwa sababu heshima kwa mzoa taka huanzia jikoni, kabla ya salamu ya getini, pale mwenye nyumba anapoamua nini kitumbukie kwenye kiroba na kitumbukie vipi.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi huliona gari likipita tu. Kwenye mitaa yenye barabara, kijana mmoja au wawili hutembea pembeni mwa gari wakikusanya viroba milangoni. Anakishika kiroba shingoni kwa mkono mmoja, mkono wa pili anaupitisha chini ya kitako chake, anakiegemeza pajani au kifuani, halafu anakirusha juu. Bodi la gari mara nyingi limempita kimo. Juu ya mzigo yuko mwenzake anayepokea, amesimama ndani ya taka mpaka vifundoni, siku nyingine magotini, akizipanga na kuzikanyaga zishuke. Uswahilini, ambako gari haliingii, taka hubebwa kwa guta au mkokoteni mpaka kizimbani, pale zinapokusanywa kusubiri gari, zinamwagwa, kisha zinapakiwa upya kwa koleo, reki na mikono. Kiroba kimoja kinaweza kupita kwa watu watatu au wanne kabla hakijafika dampo la jiji la Dar es Salaam lililoko Pugu Kinyamwezi, na kila mmoja hukishika kitakoni na ubavuni, bila kujua ndani mna nini.

Ndiyo maana chupa iliyovunjika humkata mzoa taka pajani na tumboni, sehemu ambazo hazina kinga yoyote zaidi ya suruali. Glasi ikivunjika nyumbani, vipande vikubwa viokote kwa kipande cha boksi, na vile vidogo vidogo vifute kwa gazeti lililoloweshwa maji, maana ufagio peke yake huviacha kwenye maungio ya sakafu. Vyote viweke ndani ya kopo tupu la rangi au la maziwa ya unga na ubane mfuniko. Kama kopo hakuna, funga kwa tabaka nne au tano za gazeti, weka ndani ya boksi dogo, zungushia selotepu, andika CHUPA kwa herufi kubwa kwa kalamu ya wino mzito. Usilizamishe chini ya kiroba. Liache pembeni yake, na kijana akifika mwambie kwa mdomo, "Hilo lina chupa." Kumtamkia hivyo hakukugharimu hata dakika moja, na kwake ni tofauti ya kwenda nyumbani mzima au kwenda kushonwa.

Vijiti vya mishikaki havitajwi kabisa, na hao wazoa taka wenyewe watakwambia ni adui mkubwa kuliko chupa. Kijiti kimechongwa makusudi kitoboe nyama. Kikiwa ndani ya salfeti, kile kiroba cha nyuzi za plastiki zilizofumwa, kinapenya kwenye matundu ya ufumaji bila kulichana, ncha inabaki nje, na jioni kwenye taa hafifu haionekani. Wauza mishikaki na chips wanaomwaga ndoo nzima ya vijiti kwenye pipa wanaacha mtego. Dawa yake ni nyepesi: vunja kijiti mara mbili, vipande tumbukiza kwenye chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, ikijaa funga kizibo. Mteja naye asichomeke kijiti mchangani au kwenye kiazi cha mwisho; akiweke kwenye chombo alichopewa. Mbao zenye misumari ni vivyo hivyo. Kama huwezi kung'oa msumari, ulaze kwa nyundo.

Sindano zinahitaji maelezo marefu zaidi. Zimezidi majumbani. Wapo wagonjwa wa kisukari wanaojichoma insulini, wapo wanaouguza watu nyumbani, na wapo wafugaji wa kuku na ng'ombe wa mjini wanaochanja wenyewe na kutupa bomba na sindano pamoja na maganda ya ndizi. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata kwenye damu iliyokauka. Sindano uliyoitupa Jumatatu bado ina uwezo wa kuambukiza gari likipita Jumamosi. Chanjo ya ugonjwa huo iliingizwa kwenye ratiba ya watoto wetu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa hiyo mama wa miaka hamsini anayefanya kazi hii hakuipata utotoni, na kama hakupelekwa kuchanjwa ukubwani, dozi tatu, hana kinga yake.

Namna ya kuzihifadhi: tafuta chupa ngumu ya plastiki iliyokuwa na sabuni ya maji au dawa ya madoa, yenye kizibo cha kuzungusha. Chupa ya maji ya kunywa haifai, plastiki yake ni laini na sindano huitoboa. Ukishachoma, tumbukiza sindano papo hapo, usianze kuhangaika kurudishia kifuniko. Ikifika robo tatu acha kuongeza, bana kizibo, zungushia selotepu, andika SINDANO, na uipeleke zahanati au kituo cha afya kilicho karibu uwaombe wazipokee, kwani wao wana maboksi ya sindano na utaratibu wa kuziteketeza. Isiingie kwenye gari la taka kamwe, hata ikiwa imefungwa vizuri, maana ikifika juu itakanyagwa ipasuke. Wembe wa nyumbani utiwe kwenye kopo lenye mfuniko uliotobolewa mwanya mwembamba. Na vinyozi, ambao kwa siku moja wanatumia nyembe nyingi, hawana udhuru wa kutokuwa na kopo hilo.

Kuna watakaosema: si wapewe glovu? Wapewe, na mzabuni, yaani mwenye kandarasi ya kuzoa taka, asiyewapa glovu, gambuti na kizibao cha kung'aa abanwe na manispaa iliyompa kazi. Lakini tusijidanganye. Glovu ya mpira haizuii sindano. Glovu nzito ya ngozi inayoweza kuzuia chupa ikilowa maji ya taka mara moja inakuwa ngumu, haishiki shingo ya kiroba, na kijana anaivua kabla ya saa nne asubuhi. Kinga ya uhakika iko mikononi mwa anayefunga kiroba.

Na ajali ikitokea mbele ya nyumba yako, usisimame dirishani. Fungua bomba. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni, lisiminywe wala kunyonywa, kisha aliyechomwa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyosaidia, kisha hunywewa kwa siku 28. Vibarua wengi hawajui hilo, na hata wanaojua huogopa kukosa posho ya siku. Mwenye nyumba akimshika msimamizi na kumwambia "huyu apelekwe sasa", neno lake lina uzito ambao la kibarua halina.

Jivu la mkaa huwasha moto magari. Jivu ni blanketi: kaa dogo ndani yake linaweza kubaki jekundu usiku kucha na mchana wa pili, juu pakiwa pamepoa kabisa. Likimwagwa kwenye salfeti lenye karatasi na plastiki, moto unaanza taratibu, na mara nyingi anayegundua ni yule aliyesimama juu ya mzigo, kwa miguu. Mwagia maji, koroga kwa kijiti, mwagia tena mpaka mvuke uishe, halafu liache lilale siku nzima kabla ya kulitoa. Makopo ya dawa ya mbu na ya manukato ya kupuliza yasichanganywe na jivu wala yasichomwe uani, hulipuka. Betri za simu zilizovimba nazo zikikandamizwa kwenye gari la kushindilia huwaka zenyewe. Zipeleke kwa fundi simu anayekubali kuzikusanya, au zikabidhi peke yake zikiwa zimefungwa selotepu kwenye ncha.

Sasa uzito. Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani kwetu ni mabaki ya jikoni, na mabaki ya jikoni ni maji. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mchuzi, maji ya kuoshea mchele na maganda ya tikiti vikiingia kwenye kiroba cha kilo 25, unampa mtu mzigo mzito mno, naye anatakiwa aurushe juu ya kichwa mara mia kwa siku. Maji hayo hayabaki ndani. Kiroba kikiinuliwa yanamwagika usoni na kuingia kwenye mikono ya shati. Chuja mabaki kwenye chujio au ndoo yenye matundu usiku mmoja, maganda ya ndizi na muhogo yaanike kidogo kabla ya kuyatia, na madafu na vifuu vya nazi viweke peke yake. Jaza kiroba robo tatu tu, ibaki shingo ya kufunga kwa kamba. Kilichojazwa mpaka mdomoni hakishikiki, na ukikifunika kwa gazeti juu umefunika aibu yako tu. Masika yakija kifunike au kiweke chini ya paa, kwa kuwa kiroba kilicholala kwenye mvua huongezeka uzito.

Angalia pia salfeti lenyewe. Nyuzi zake huliwa na jua. Lililokaa uani kwa miezi linakuwa kama maganda ya kitunguu, ukilivuta kwa kidole linapukutika. Kwa macho linaonekana zima. Kijana akiliinua, kitako kinabaki chini na taka zote zinamwagika miguuni pake, na hapo ndipo utasikia mwenye nyumba akifoka "mbona mnachafua hapa?" Kabla ya kulitumia livute pembeni kwa mikono miwili. Likitoa unga mweupe, limekwisha.

Pampasi ni jambo la aibu ndogo na madhara makubwa. Kinyesi kimwagwe chooni kwanza, pampasi ikunjwe kwa ndani, ifungwe kwa vibandiko vyake, na zote za siku ziwekwe kwenye mfuko mmoja uliofungwa. Pedi nazo zifungwe kwa karatasi. Mtu anayepanga mzigo kwa mikono hapaswi kukutana nazo zimefunguka.

Saa ya kutoa taka ina maana yake. Ukitoa kiroba usiku wakati gari linapita asubuhi, mbwa wanakifungua kabla ya alfajiri, na kunguru wanamalizia kukichana. Kunguru wa Dar es Salaam anajua salfeti lenye utumbo wa samaki kuliko mpishi anavyolijua. Mfagiaji aliyemaliza kipande chake saa kumi na mbili anarudi kukianza upya, bila malipo ya ziada. Toa kiroba gari likikaribia, au kitundike, au kiweke kwenye pipa lenye mfuniko unaobana. Na kisiwekwe ndani ya mtaro, hata kwa nusu saa.

Wapo pia waokota makopo, ambao wengi tunawafukuza kwa mawe ya maneno. Mwokota makopo anachana kiroba chako kwa sababu chupa za plastiki, anazouza kwa kilo, umezizika chini ya ugali. Zitenge. Zimwage zikauke, zikamue zipungue ujazo, ziweke kwenye mfuko wao peke yake juu ya kiroba. Atachukua mfuko huo na kuondoka, kiroba kitabaki kimefungwa, na mzoa taka hataokota mara ya pili kilichomwagwa. Ila chupa iwe tupu kweli. Wasafiri wa mabasi ya mikoani wasiosubiri basi lisimame wachimbe dawa, wanaojisaidia kwenye chupa na kuirusha dirishani, wajue ipo mikono itakayofungua kizibo hicho ikidhani ni juisi iliyobaki.

Nikigeukia wafagiaji wa barabara kuu, hapa neno ni kwa wenye magari. Wanaanza gizani, wengi ni akina mama, wameinama na ufagio wa chelewa, na mara nyingi magari yanakuja nyuma ya migongo yao. Mwendo wa juu kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, na ukiona kizibao kinachong'aa pembezoni punguza zaidi, sogea uache angalau mita moja na nusu. Bodaboda wanaotumia pembezoni kukwepa foleni wanapita hapo hapo anapoinama. Kwenye dimbwi shika breki kabla ya maji, si ndani yake. Vile vichuguu vidogo vya mchanga na majani unavyoviona kila hatua kadhaa si uchafu ulioachwa: vinasubiri toroli linalokuja nyuma. Ukivikanyaga kwa tairi umefuta kazi ya nusu saa. Wenye maduka wanaofagia varanda saa mbili na kusukumia takataka barabarani, juu ya sehemu iliyofagiwa saa kumi na moja, sijui wanajisikiaje. Beleshi dogo la kuzolea taka linauzwa kwenye duka lolote la vyombo.

Lugha nayo. Kijana aliyelelewa vizuri humwamkia shikamoo mama muuza genge, halafu anampita mama wa rika lile lile anayefagia mbele ya genge hilo kana kwamba ni nguzo ya umeme. Watu wanaitana "we taka" getini, watoto wanasikia, kesho wanarudia. Muite mama, kaka, dada, kama unavyomwita fundi wako. Asubuhi nzima mtu huyu hana choo. Anayeweza kumruhusu atumie cha uani, au msikiti na kituo cha mafuta kinachomfungulia, anamwondolea adha ambayo akina mama hawaisemi hadharani. Weka jagi la maji na kipande cha sabuni karibu na geti siku ya gari. Maji ya kunywa mpe kwenye kikombe safi, si kwenye kopo la kuogea. Na tafadhali, chakula kilicholala mpaka kikachacha kisitolewe kwake kwa jina la sadaka mkono wa kulia, huku mkono wa kushoto ukimpa kiroba. Kama hukili wewe, ni taka, kitie humo.

Mwisho ni ada. Anayebeba kiroba kwa kawaida siye anayekusanya fedha, wala siye aliyepanga ratiba. Wengi ni vibarua wa kutwa. Ukimgombeza kwa kuwa gari halikupita wiki mbili, umemgombeza asiye na ufunguo wa gari. Gari huchelewa kwa sababu nyingi, na mojawapo ni umbali. Sisi wa Tabata tuna sehemu yetu katika hilo: mwaka 1988 wakazi wa hapa walilishtaki jiji Mahakama Kuu kwa moshi na harufu ya dampo, wakapata haki yao, dampo lilipopelekwa Kunduchi Mtongani, huko nako watu wakaenda mahakamani, likafuata Vingunguti, kisha Mtoni, na leo magari yanaivuka njia ya uwanja wa ndege mpaka Pugu. Gari lililokuwa likirudi baada ya muda mfupi sasa linakaa kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere kwa saa nzima. Lipa ada kwa wakati, dai risiti, na malalamiko yapeleke kwa mzabuni, ofisi ya serikali ya mtaa au afisa afya wa kata, ukitaja tarehe ambazo gari halikupita. Malalamiko yenye tarehe yanajibika, "hamji kabisa" haijibiki.

Kwa wenyeviti wa mitaa nina maombi mawili. Siku na saa ya gari zibandikwe kwenye ubao wa ofisi na zitumwe kwenye kundi la simu la mtaa kila mzunguko ukibadilika, ili viroba visilale nje. Pili, mkubaliane na zahanati ya kata siku moja katika mwezi ya kupokea chupa za sindano kutoka majumbani, na famasi za mtaa ziwaambie wateja siku hiyo kila zinapouza mabomba.

Wasalaam,

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam